Usuluhishi wa migogoro ya ardhi: Je, mwenye ardhi anaweza kusema hapana?

Na Mwandishi Wetu, Hayes, London

UKITOKA kituo cha treni cha Hayes na kuelekea kusini, mwendo wa maili chache tu, unaingia katika vijiji vya Harlington, Sipson, Harmondsworth na Longford. Ni vijiji vya kale. Pale Harmondsworth lipo ghala kubwa la mbao lililojengwa mwaka 1426 na bado limesimama. Lakini kwa zaidi ya miaka 20 wakazi wa maeneo haya wameishi chini ya tishio la tingatinga, kwa sababu uwanja wa ndege wa Heathrow unataka njia ya tatu ya kurukia ndege.

Januari 2009 serikali ya Gordon Brown iliukubali mradi huo. Mwaka 2010 serikali mpya ikaufuta. Mwaka 2015 tume iliyoundwa na serikali ikaupendekeza upya, safari hii katika ramani ambayo ingebomoa nyumba 783. Juni 2018 wabunge 415 waliunga mkono, 119 wakapinga. Februari 2020 Mahakama ya Rufaa ikasema sera hiyo haikupitishwa kihalali kwa kuwa haikuzingatia ahadi za nchi juu ya mabadiliko ya tabianchi. Desemba mwaka huohuo Mahakama ya Juu ikaitengua hukumu hiyo. Januari 2025 Waziri wa Fedha, Rachel Reeves, akatangaza kwamba serikali inauunga mkono mradi.

Katika vuta nikuvute hiyo, kampuni ya uwanja iliahidi kuwalipa wenye nyumba bei ya soko kana kwamba mradi haupo, juu yake ikaongeza asilimia 25, na tena gharama za mwanasheria na za kuhama. Halmashauri yao ya Hillingdon iliungana na wenzake kwenda mahakamani kupinga. Wabunge wao walisimama bungeni kuwasemea.

Ndugu msomaji, siwaonei gere watu wa Sipson. Kupoteza nyumba ni kupoteza nyumba, na mpangaji asiye na nyumba ya kuuza hafaidiki chochote na hizo asilimia 25. Nawataja kwa sababu wanatupa kipimo. Hawa si jamii asilia kwa maana inayotumiwa na Umoja wa Mataifa, wala si watu wa aina ya pekee. Ni raia wa kawaida wenye hati mkononi, halmashauri nyuma yao na mahakama mbele yao. Wanapokaa mezani na kampuni kubwa, wanakaa wakiwa na uwezo wa kusema hapana, na hapana yao inachelewesha mradi kwa miongo miwili.

Sasa tujiulize: huko kwetu, Mmasai wa Naivasha, mvuvi wa Lamu au mfugaji wa Usangu anapoitwa kwenye meza ya usuluhishi, anakaa na nini mkononi?

Olkaria: mfano ulio karibu nasi

Neno usuluhishi limekuwa tamu katika midomo ya wakubwa. Kila mradi mkubwa unapogongana na wananchi, utasikia: tukae, tuzungumze, tusipelekane mahakamani. Si jambo baya hata kidogo. Mila zetu zimejaa mabaraza ya wazee chini ya mti. Lakini ni vizuri tuangalie jinsi usuluhishi huo unavyofanya kazi pale fedha za kimataifa zinapohusika, na mfano ulio wazi kuliko yote katika Afrika Mashariki ni wa Olkaria, nchini Kenya.

Olkaria ni eneo la jotoardhi karibu na Naivasha. Kampuni ya umeme ya KenGen ilijenga pale mtambo wa Olkaria IV na kupanua Olkaria I, jumla megawati 280. Fedha zilitoka, miongoni mwa wengine, Benki ya Dunia na Benki ya Uwekezaji ya Ulaya, ile yenye makao yake Luxembourg. Ili mradi uende, vijiji vinne vya Wamasai vilihamishwa mwaka 2014 na kupelekwa katika makazi mapya yenye ukubwa wa ekari 1,700 hivi, yaliyojengewa nyumba takriban 150.

Kwenye karatasi, ilikuwa kazi ya kupigiwa mfano: nyumba za kudumu, shule, zahanati. Lakini mwaka huohuo malalamiko yakaanza kufika Luxembourg na Washington. Wananchi walisema wapo walioachwa nje ya orodha. Walisema ardhi mpya ina makorongo na barabara mbaya. Walisema hati ya ardhi hawajaipata. Na walisema mashauriano hayakufuata utaratibu wao.

Jopo la Ukaguzi la Benki ya Dunia lilikwenda kuchunguza, na ripoti yake ya mwaka 2015 ina mambo ambayo kila mpanga mipango wa Afrika Mashariki angepaswa kuyasoma. Jopo liligundua kwamba Benki haikuwatendea Wamasai hao kama jamii asilia, ingawa kanuni zake yenyewe zilitaka hivyo. Liligundua kwamba lugha ya Kimaa haikupewa nafasi inayostahili katika mashauriano. Na liligundua kwamba wazee wa kimila, ambao ndio sauti ya jamii, waliwekwa pembeni, mazungumzo yakapitia katika kamati iliyoundwa kwa ajili ya mradi.

Tusilichukulie jambo hili kama dogo. Mzee asiyejua Kiingereza, na ambaye Kiswahili chake ni cha sokoni, anaitwa kwenye mkutano unaoamua mahali atakapozikwa. Anasikia maneno, anaona karatasi, anaona watu wakipiga makofi. Baadaye anaambiwa: ulikuwepo, ulishauriwa. Kuwepo kwenye mkutano ni jambo moja, kushauriwa ni jambo jingine.

Kilichofuata ndicho kinachoifanya Olkaria kuwa mfano wa kujifunza. Badala ya kila benki kuendesha lake, Benki ya Dunia ilijiunga na usuluhishi ulioongozwa na ofisi ya malalamiko ya benki ile ya Ulaya. Mazungumzo kati ya jamii na KenGen yalianza mwaka 2015, na Mei 2016 pande mbili zikatia saini makubaliano. Yaligusa nyumba za walioachwa nje, barabara, maji, hati ya ardhi na mengine. Kutia saini hakukumaliza kazi; ofisi ya malalamiko ilibaki ikifuatilia utekelezaji, kipengele kwa kipengele.

Je, usuluhishi huo ulifaa? Ndiyo, ulifaa. Kwenda mahakamani kungechukua miaka mingi zaidi. Pia uliwaleta mezani watu ambao kamati ya mradi iliwaruka. Hapo lazima tuseme ukweli hata kama tunapenda kulalamika.

Lakini angalia tarehe. Watu walihamishwa Agosti 2014. Usuluhishi ulianza mwaka 2015. Makubaliano yalikuja mwaka 2016. Kwa maneno mengine, meza iliwekwa baada ya nyumba kubomolewa na mitambo kuanza kuzunguka. Swali la iwapo watu wahame halikuwepo tena mezani. Lililobaki ni hili: kwa kuwa mmeshahama, tuwaongezee nini? Maji yakimwagika hayazoleki, na msuluhishi anayeitwa baada ya maji kumwagika kazi yake ni kugawa vitambaa vya kufutia.

London na mlango wake mdogo

Wengi wetu tunaoishi hapa Uingereza hatujui kwamba serikali ya nchi hii ina ofisi inayopokea malalamiko dhidi ya kampuni zake zinazofanya kazi nje. Ofisi hiyo iko chini ya Wizara ya Biashara, na inasimamia miongozo ya nchi tajiri, yaani OECD, kuhusu mwenendo wa kampuni za kimataifa. Kazi yake ya kwanza si kuhukumu, bali kutoa nafasi ya usuluhishi.

Mwaka 2008 shirika la Survival International lilipeleka pale malalamiko dhidi ya Vedanta, kampuni ya madini iliyokuwa imeandikishwa katika soko la hisa la London. Ilitaka kuchimba madini ya bauksaiti katika milima ya Niyamgiri, jimbo la Odisha nchini India, milima ambayo watu wa kabila la Dongria Kondh wanaiona kuwa mitakatifu. Ofisi iliwaita wote kwenye usuluhishi. Survival walikubali, Vedanta ikakataa. Septemba 2009 ofisi ikatoa tamko kwamba kampuni haikuwashauri Dongria Kondh inavyostahili. Tamko hilo halikuwa na faini wala kifungo.

Wengi walidhani limeishia hapo. Lakini mwaka 2013 Mahakama ya Juu ya India iliamua kwamba mikutano ya vijiji vyenyewe ndiyo yenye kusema iwapo haki zao za ibada zitaguswa. Vijiji 12 vilipiga kura, na vyote 12 vikasema hapana. Mgodi haukuchimbwa pale. Kilichowaokoa watu wale si ukarimu wa kampuni. Walipewa nguvu ya kisheria ya kukataa, wakaitumia.

Mfano wa pili uko jirani na nyumbani. Oktoba 2013 shirika la WWF lililalamika katika ofisi hiyohiyo ya London dhidi ya kampuni ya mafuta ya SOCO International, iliyokuwa ikitafuta mafuta ndani ya Hifadhi ya Virunga, mashariki mwa Kongo. Safari hii usuluhishi ulifanyika, na Juni 2014 kampuni na WWF wakatoa tamko la pamoja: SOCO isingechimba tena Virunga isipokuwa UNESCO na serikali ya Kongo zikubaliane kwamba uchimbaji haupingani na hadhi ya hifadhi hiyo kama urithi wa dunia.

Ni ushindi, na sokwe wa milimani walipata ahueni. Lakini soma tena nani waliweka saini: kampuni moja ya London na shirika moja kubwa la kimataifa. Wavuvi wa Ziwa Edward, ambao maisha yao ndiyo yalikuwa kwenye mizani, hawakuwa upande katika tamko lile. Usuluhishi unaweza kuwa na matokeo mazuri na bado ukawa umefanywa juu ya vichwa vya watu. Siku matokeo yatakapogeuka kuwa mabaya, watu hao hawatakuwa na saini ya kuidai.

Mahakama ni njia ndefu

Wapo watakaosema: basi tuachane na usuluhishi, twende mahakamani. Nawaelewa, lakini waangalie kalenda.

Katika Marsabit, kaskazini mwa Kenya, wafugaji walifungua kesi mwaka 2014 kupinga jinsi ekari 150,000 zilivyotolewa kwa mradi wa umeme wa upepo wa Ziwa Turkana. Hukumu ilitoka Oktoba 2021: mahakama ya Meru iliona kwamba hati za ardhi hiyo hazikupatikana kwa kufuata sheria, na ikatoa mwaka mmoja wa kurekebisha kasoro. Wakati huo mitambo 365 ya upepo ilikuwa imeshasimama na kuuza umeme tangu mwaka 2018.

Lamu nako, wavuvi walikwenda mahakamani mwaka 2012 kuhusu bandari mpya. Aprili 2018 Mahakama Kuu iliamua kwamba wavuvi wapatao 4,600 walipwe shilingi za Kenya bilioni 1.76. Rufaa ikakatwa, na hatimaye pande zote zikarudi palepale kwenye mazungumzo nje ya mahakama, zikakubaliana sehemu ya fidia iwe fedha taslimu na sehemu iwe vifaa vya uvuvi.

Hapa kuna somo ambalo watu wengi hawalioni. Wavuvi wa Lamu hawakuingia kwenye mazungumzo hayo mikono mitupu. Waliingia wakiwa na hukumu. Mahakama na usuluhishi si maadui. Hukumu, au hata tishio la hukumu, ndiyo inayompa mnyonge kiti chenye miguu minne. Kwa mtu asiye na kesi, asiye na hati na asiye na mfadhili wa mradi anayeogopa aibu, usuluhishi ni jina la heshima la kubembeleza. Wahenga walisema mwenye nguvu mpishe. Meza isiyosawazisha nguvu inatekeleza methali hiyo kwa chai na biskuti.

Anayeogopa kutaja jina lake

Kuna jambo jingine ambalo haliandikwi katika miongozo ya usuluhishi, nalo ni hofu. Mwaka 2023 wanakijiji wa kusini mwa Tanzania walipeleka malalamiko kwenye Jopo la Ukaguzi la Benki ya Dunia kuhusu mradi wa REGROW, uliokuwa na dola milioni 150 za kuendeleza utalii, ikiwemo Hifadhi ya Ruaha. Walidai kufukuzwa, kukamatiwa mifugo na kutendewa ukatili na askari wa hifadhi. Waliomba majina yao yafichwe. Aprili 2024 Benki ilisimamisha kutoa fedha, na Novemba mwaka huo mradi ukafungwa kabla ya wakati.

Serikali ilikuwa na maelezo yake, kwamba inalinda vyanzo vya maji na mipaka halali ya hifadhi. Maelezo hayo yanastahili kusikilizwa, kwa sababu bonde la Usangu linalisha Mto Ruaha Mkuu, na maji ya mto huo ndiyo umeme wa Mtera na Kidatu. Lakini mtu anayeogopa kutaja jina lake atakaaje meza moja na mkuu wa wilaya na kamanda wa polisi, aambiwe aseme ya moyoni? Sisi tulioiacha nchi kwa sababu ya kalamu tunaijua hofu hiyo. Msuluhishi mwenye akili huanza kwa kuuliza nani hayupo chumbani na kwa nini.

Nini kinatakiwa

Sipingi maendeleo. Hospitali ya wilaya isiyo na umeme si mapambo ya utamaduni, ni msiba. Megawati 280 za Olkaria zinawasha taa za watu wengi, na wengine wao ni maskini. Hoja yangu ni kwamba gharama ya taa hizo isibebwe na kijiji kimoja ambacho hakikuulizwa.

Kanuni zenyewe zipo. Azimio la Umoja wa Mataifa la Haki za Watu wa Asili, lililopitishwa Septemba 13, 2007 kwa kura 144, linasema watu hao wasihamishwe bila ridhaa yao iliyo huru, ya mapema na yenye taarifa kamili. Tanzania ilipiga kura ya ndiyo. Kenya haikupiga upande wowote. Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu, katika uamuzi wake wa mwaka 2010 juu ya Waendorois waliofurushwa Ziwa Bogoria, iliisimamia ridhaa hiyo hiyo, ingawa utekelezaji wa uamuzi huo umebaki kiporo. Tanzania ina Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, inayoipa hakimiliki ya kimila hadhi sawa na hati ya serikali. Kenya ina Sheria ya Ardhi ya Jamii ya mwaka 2016. Tatizo letu si uhaba wa maandishi.

Kwa mtazamo wangu, usuluhishi unaostahili jina hilo una masharti manne. Uanze kabla ya mkataba wa mkopo kusainiwa, si baada ya watu kuhama. Ufanyike kwa lugha ya wenye ardhi, na kupitia viongozi wanaowatambua wao. Wananchi wawe na mwanasheria wao, anayelipwa kutoka mfuko ambao kampuni haiushiki. Na neno hapana liwe miongoni mwa majibu yanayokubalika. Sharti la nne likikosekana, hayo mengine matatu ni mapambo.

Na sisi tulio ughaibuni? Wahenga walisema fimbo ya mbali haiui nyoka. Ni kweli, lakini nyoka huyu mkia wake uko huku tuliko. Makao ya benki yako Luxembourg na Washington, hisa zinauzwa London. Jopo la Ukaguzi la Benki ya Dunia linapokea malalamiko ya watu wawili au zaidi walioathirika, kwa lugha yoyote, na linaruhusu majina kufichwa. Mlango wake hufungwa miezi 15 baada ya mradi kufungwa. Benki ya Uwekezaji ya Ulaya inamsikiliza mtu yeyote mwenye lalamiko juu ya mradi wake. Mtu wa Mbarali au Marsabit anaweza asijue hilo. Wewe unayesoma hapa, mwenye shangazi kijijini na ndugu anayejua kuandika barua, umeshalijua.

Kazi hiyo haihitaji shirika wala cheo. Inahitaji kuuliza swali moja kila unaposikia mradi mpya unakuja nyumbani: nani anatoa fedha? Jibu la swali hilo ndilo linaloonyesha mlango wa kubisha. Na ubishwe mapema, wakati nyumba bado zimesimama.